Akina Doto Masanja

1

Asubuhi ile Chekeche lilinitolea akina Doto Masanja mia nne na kumi na sita, nami nikaagiza chai.

Sikuwa na kiu. Nilitaka mikono yangu iwe na kitu cha kushika, maana ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa Kulwa Masanja alikuja kuketi kwenye benchi mbele ya meza yangu na kuniuliza swali lile lile. Alikuwa fundi wa kuchomelea matangi ya maji, mtu wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mabega ya kubeba mlango na sauti ya kuomba radhi.

"Shikamoo, mama Nyamizi."

"Marahaba. Karibu, Kulwa."

"Pacha wangu amepatikana?"

"Bado, baba. Tunatafuta."

"Haya. Nitakuja tena Ijumaa."

Kwetu Unyamwezini, na kwa jirani zetu Wasukuma, ukijifungua mapacha huna haja ya kukuna kichwa kutafuta majina. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Kwa mzazi ni desturi nzuri mno. Kwa mtunza kumbukumbu ni adhabu. Ongeza na jina la Masanja, ambalo ukiliita kwa sauti sokoni Nzega watageuka watu kumi na muuza nyanya wao, ndipo utaelewa kwa nini nilipewa mashine ile, Chekeche.

Hifadhi yetu ya Majina iko Tabora, katika maghala yaliyokuwa ya tumbaku. Harufu haijatoka hadi leo. Ndani yake kuna karatasi zote za miaka ya Ukimya, ile miaka kumi na mitano ambayo mitandao ilizimika na watu wakarudi kwenye kalamu: kadi za kliniki, rejesta za shule, vyeti vya ubatizo, barua, orodha za wapiga kura, hata vikaratasi vya zamu ya kisima. Mitandao iliporudi, ilimkuta kila mtoto wa Ukimya hana alama yoyote duniani isipokuwa wino.

Chekeche halisomi majina. Jina ni kitu rahisi, hata mbuzi anaweza kupewa. Linasoma jinsi kalamu ilivyoikandamiza karatasi, chumvi ya vidole iliyobaki pembeni, vumbi la mahali, na majirani walioandikwa juu na chini ya jina hilo. Kisha linapanga marundo, kila rundo mtu mmoja. Linaweza kukuambia kwamba Doto Masanja aliyebatizwa Ndala siye Doto Masanja aliyefukuzwa shule Puge, ingawa walizaliwa mwezi mmoja. Lakini haliwezi kukuambia ufanye nini ukishajua. Kwa hilo walituacha sisi.

Dada yake Kulwa, Shija, alikuwa amelala Kisubirio.

Kisubirio ni wodi ya baridi, nyuma ya hospitali ya rufaa. Mgonjwa ambaye dawa yake ni uboho wa ndugu wa tumbo moja, na ndugu huyo hajulikani alipo, hulazwa humo usingizi mzito, damu yake ikitambaa polepole, hadi ndugu apatikane. Si bure. Kila mwaka wa kulala hula siku kumi na tano za kuamka. Shija aliingia akiwa na siku sabini za kuishi, kwa hesabu ya madaktari, na binti wa miaka minne aitwaye Milembe. Sasa alikuwa amelala miaka mitatu. Siku zake zilikuwa ishirini na tano. Na mwili hauvumilii baridi hiyo mara mbili, kwa hiyo ukishamwamsha mtu, umemwamsha.

Uboho wa Kulwa walikuwa wameupima, ukakataa. Alibaki Doto.

Anayeamua nani alale na nani aamshwe si daktari. Ni mtunza kumbukumbu, kwa mihuri miwili. Mmoja unasema *Ndugu yupo, anatafutwa*. Mwingine unasema *Hakuna wa kutoa*. Wa kwanza ndio niliougonga mimi miaka mitatu iliyopita kwenye faili la Shija, mkono huu huu, nikiwa nimefurahi.

2

Nilikuwa na sababu ya kufurahi. Kulwa aliniletea siku ile kadi mbili za kliniki kutoka Bukene, ya kwake na ya Doto, zimefungwa pamoja kwa uzi. Kwenye wiki ya sita Kulwa alikuwa kilo nne na nukta moja, Doto mbili na nukta sita. Kwenye wiki ya kumi wote wawili walikuwa tano na nukta mbili. Kuanzia hapo walipanda sawasawa, mwezi kwa mwezi, hadi miaka mitano, gramu haizidi wala haipungui.

Nikacheka. Nikamwambia Kulwa, "Mwenzako alikufukuzia! Ona alivyokushika njiani." Naye akacheka, akaniambia alivyoambiwa na mama yake: kwamba mganga aliwatenganisha wangali wadogo, Doto akaenda kulelewa kwa wajomba Nzega, wasionane hadi waote ndevu. Walipoota ndevu, mama akasema Doto ameshaondoka, amefuata almasi. Mtu huamini mama yake.

Msomaji wa mbali angeziona kadi zile na kushtuka. Mimi nimezaliwa katika watu wa mapacha. Nimekua nikiimbiwa kwamba Kulwa na Doto ni mmoja aliyegawanywa. Nikaona uzito mmoja nikaona uzuri. Nikagonga muhuri.

Jumatatu baada ya Ijumaa ile ya chai, yaliletwa magunia sita kutoka Nzega, kutoka kituo cha redio kilichokuwa kimefungwa na kusahauliwa. Yalikuwa yamejaa kadi za salamu. Vijana hawazijui hizi. Wakati wa Ukimya ulikuwa unanunua kadi dukani, unaandika jina lako na majina ya wale unaowasalimu, unaituma redioni, na jioni mtangazaji anaisoma wilaya nzima isikie. Nimewahi kusalimiwa hivyo na mwanaume mmoja wa Igunga, na hayo si ya hapa.

Chekeche likala magunia siku mbili. Likatoa kadi thelathini na moja.

*Ni mimi Doto Masanja, nikiwa Nzega kwa wajomba. Namsalimu pacha wangu Kulwa Masanja wa Bukene, mama yetu mpendwa, na mdogo wetu Shija. Ujumbe: milima haikutani, binadamu hukutana.*

Nilipiga kelele pale ghalani. Tulikuwa tumempata! Nikaliamuru Chekeche liunganishe kadi hizo na rundo moja kati ya yale mia nne na kumi na sita, nimjue Doto wetu ni yupi, ameoa wapi, amelala wapi jana.

Likaunganisha. Halikuziweka katika rundo la Doto yeyote. Liliziweka zote thelathini na moja katika rundo la mtu mwingine kabisa, mwanamke wa Bukene, aliyetia sahihi ripoti za shule za Kulwa, fomu ya ubatizo wa Shija, na daftari la kwaya. Mkandamizo ule ule wa kalamu. Chumvi ile ile. Mama yao.

Nilikaa chini. Kisha nikaziomba zile kadi mbili za kliniki na kuliuliza Chekeche swali ambalo ningeliuliza miaka mitatu nyuma kama ningekuwa na akili: watoto wangapi walipanda kwenye mzani huu?

Likajibu: wawili, hadi wiki ya sita. Kuanzia wiki ya kumi, mmoja, mara mbili.

Nilimwona yule mama kama vile nilikuwepo. Foleni ya kliniki, kadi mbili mkononi, mtoto mmoja mgongoni. Anampandisha Kulwa mzanini, nesi anaandika. Anamshusha, anamvalisha kofia nyingine labda, anampandisha tena. Na nesi anajua, bila shaka anajua, na anaandika. Miaka mitano.

Wazee wa upande ule walisema pacha haliliwi. Akiondoka mmoja, hakuna msiba, hakuna matanga, hakuna kusema neno lile, maana ukimlilia aliyeondoka umemwita aliyebaki amfuate. Unasema amesafiri, na unaendelea kumhesabu.

Nami nilikuwa nimechukua hesabu ya mama yule nikamlaza Shija juu yake.

3

Nilikwenda Bukene mwenyewe. Sheria hainitaki niende, karatasi zilinitosha. Nilitaka mtu mwingine aseme kabla sijagonga, na huo ulikuwa woga, nakiri.

Mama Kulwa alikuwa uani anapepeta karanga. Mwanamke mwembamba, karibu miaka sabini, kitenge kimefungwa barabara. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua na za miguu. Nikamwambia natoka Hifadhi, ninakuja kuhusu Doto.

"Hajambo?" akauliza.

Nina vyeti viwili vya chuo, nimewahi kumkatalia waziri faili la baba yake, lakini mbele ya ungo ule wa karanga neno la herufi chache sikuweza kulitamka. Nikazitoa kadi za kliniki na kuziweka mkekani, na juu yake kadi moja ya salamu. Akaziangalia muda mrefu. Hakuzigusa.

"Unajua kusoma, mwanangu," akasema. "Basi soma. Usitamke."

"Mama, Shija ana siku ishirini na tano. Akilala hadi mwakani atakuwa na kumi. Anamsubiri mtu ambaye..."

"Usitamke, nimesema!"

Karanga zilimwagika. Tukaziokota wote wawili, moja moja.

"Ulipokubali Shija alazwe," nikasema, "ulijua?"

"Walikuja vijana wenye makoti meupe. Wakaniuliza, mama, una watoto wangapi? Nikasema watatu. Ndivyo nilivyosema siku zote. Wakasema vizuri, basi kuna tumaini." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ningesema wawili? Kulwa alikuwa amesimama pembeni yangu, mzima, jasho linamtoka. Ningesema wawili, halafu akiwa njiani kurudi aanguke kwenye tangi?"

"Hayo ni mambo ya wazee, mama."

"Na mimi ni nani? Kijana?"

Jua lilikuwa limekaa utosini, kuku wanahema chini ya kitanda cha kuanikia vyombo. Nikamwomba. Sikuona aibu, nilimwomba kwa magoti, kwamba aniambie angefanya nini kama yeye angekuwa mimi. Nikamwambia kwamba nikigonga muhuri wa pili, mwanawe ataamka na kufa kabla mwezi haujaisha. Nisipogonga, hatakufa mwaka huu, wala hataishi.

"Unataka nichague," akasema. "Umetoka Tabora yote hiyo ili nichague mimi, wewe urudi na moyo mweupe."

"Ndiyo," nikasema, maana ilikuwa kweli.

"Wewe una muhuri. Mimi nina mdomo tu, na huu mdomo nimeufunga miaka arobaini na mmoja. Siufungui kwa ajili ya ofisi." Akaanza kupepeta tena. "Fanya la muhuri wako. Ukimwona Doto, mwambie mama hajambo."

4

Nilikaa na faili siku nne. Chekeche liliniuliza kila asubuhi kama lifunge msako, na kila asubuhi nikaliambia lisubiri, na lenyewe halichoki kusubiri, ndiyo shida ya mashine. Nilijaribu kila upande. Nikimwacha, pengine dawa mpya itavumbuliwa. Lakini nilikuwa nimesikia habari za dawa mpya tangu nikiwa msichana. Nikimwamsha, nimemuua mimi. Niliwaza hata kulidanganya Chekeche kwa Doto Masanja mwingine, yule wa Puge aliyefukuzwa shule, mtu mwema na mwenye afya. Lakini uboho hausomi majina nao.

Mwishowe kilichonisukuma ni jambo dogo. Tulikuwa tunabishana wote juu ya siku zile, mimi, madaktari, mama yake, sheria, na mwenye siku hakuwa ameulizwa. Wala hakukuwa na njia ya kumuuliza ila kwa kumwamsha. Na ukimwamsha umeshajibu. Nililia mezani kwangu, nikagonga *Hakuna wa kutoa*, nikapanga kalamu zangu, nikalia tena.

Muhuri huo hauelezi sababu. Kulwa alipata taarifa ya mstari mmoja kama wengine wote: dada yako anaamshwa Alhamisi.

Kumwamsha mtu huchukua siku nzima. Wanaipandisha damu joto kidogo kidogo, na mwishoni mgonjwa hutetemeka kama mwenye malaria. Nilipoingia, saa tisa alasiri, Shija alikuwa ameegemezwa mito, mdogo kuliko picha yake, midomo imepasuka. Kulwa na Milembe walikuwa bado nje kwenye bustani. Nesi alitaka kwanza mgonjwa aelezwe hali yake na mwenye faili. Ndiyo kanuni.

Nikamsalimia. Nikamwambia mimi ni nani.

"Nimelala muda gani?" Sauti yake ilikuwa ya mchanga.

"Miaka mitatu."

"Mitatu!" Akafumba macho. "Milembe ana saba."

"Ndiyo."

"Ninazo ngapi?"

"Ishirini na tano. Madaktari wanasema ishirini na tano."

Midomo yake ikacheza, anahesabu, au anaomba, sijui. Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimeiandaa njiani, kuhusu kadi za kliniki na mizani, kuhusu magunia ya Nzega, jinsi ilivyogundulika kwamba ndugu yake kwa bahati mbaya...

"Doto alifariki akiwa na wiki nane," Shija akasema. "Shangazi aliniambia nikiwa na miaka tisa, tukiwa kisimani. Akaniapisha."

Hotuba ikaniishia.

"Ulijua?"

"Bukene nzima inajua, mama. Asiyejua ni Kulwa. Nani amwambie?"

"Basi kwa nini ulikubali kulala? Ulikuwa na siku sabini! Ulikuwa na mtoto!"

"Kulwa alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe," akasema, taratibu, akipumzika kati ya maneno. "Alikuwa na furaha. Mimi ninakufa, na yeye anajaribu kuficha kwamba ana furaha, kwa sababu serikali itamtafutia pacha wake. Mama amesimama mlangoni, ananitazama. Ningesema nini? Nikajiambia, watatafuta wiki mbili, watakosa, wataniamsha. Nitakuwa nimepoteza siku moja." Akafungua macho, akaniangalia bila hasira yoyote. "Nilidhani mnaijua kazi yenu."

Nilisema samahani. Nililisema neno hilo mara ngapi sikumbuki, na kila mara lilikuwa dogo zaidi. Yeye alinyoosha mkono, akanipigapiga kiganja, yeye mgonjwa ananibembeleza mimi mzima.

"Sasa nisikilize kabla hawajaingia. Kulwa ameambiwa sababu?"

"Bado. Muhuri hauisemi."

"Mwambie mmempata Doto, na amekataa."

"Shija, siwezi. Mimi ni mtunza kumbukumbu."

"Unaweza."

"Atamchukia."

"Amchukie. Mtu humchukia aliye hai." Akameza mate kwa shida. "Nikishakwenda mimi atabaki na mama peke yake. Usimwondolee na huyo mwingine wiki hiyo hiyo. Nimelipa siku arobaini na tano kwa ajili hiyo, mama Nyamizi. Usizitupe."

Nilitoka nje. Bustani ya Kisubirio ina benchi moja la saruji, na Kulwa alikuwa ameliacha, amesimama katikati ya njia na mkoba wa uji mkononi. Milembe alikuwa anachuma maua ambayo hayaruhusiwi kuchumwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumkataza mtu kitu.

"Ameamka?" akauliza Kulwa.

"Ameamka. Anawasubiri."

"Na Doto?"

Nimefanya kazi ile miaka ishirini na tisa. Sijawahi kumpa mtu jina lisilo lake.

"Tulimpata," nikasema. "Amekataa."

Uso wake ulikunjamana, akatazama chini, akatazama lango, kama anayetaka kutoka kwenda kumpiga mtu na hajui barabara. Mkoba ulianza kuvuja uji kwenye kiatu chake. Nikadhani atanitukana, nikatamani anitukane.

"Uliongea naye mwenyewe?"

"Niliongea naye."

"Kwa macho yako ulimwona?"

"Nilimwona, Kulwa."

Alipoinua uso hasira ilikuwa bado imo, lakini kulikuwa na kitu kingine kinaisukuma pembeni, kitu cha kitoto ambacho alikionea haya, maana alipouliza alishusha sauti ili Milembe asisikie.

"Tunafanana?"

"Sana," nikasema.

"Hata mvi?" Akagusa kidevu chake upande wa kushoto. "Na yeye zimemwanzia huku?"

"Huko huko."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa. Kisha akamwita Milembe, wakaingia ndani.